Gari la Yeranna

Mimi ndiye niliyeiandika faini ile.
Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, wino wa buluu,
kwa mwandiko ambao mkuu wa ofisi huwaonyesha wageni:
"Tazameni, huyu ni Tun Hla wetu."
Rangoon, mwezi wa Juni, kuta zinatoka jasho.

Mtaa wetu ulichorwa na mtu mwenye rula.
Mbele, barabara ya kupita watu na harufu ya vitunguu;
nyuma ya nyumba, uchochoro wa futi kumi
wa kupita yale yasiyotajwa mezani.
Mwenye rula alihesabu nyumba. Watu hakuwahesabu.
Kila juma meli zinatapika wengine,
vyumba vinagawanywa kwa mapazia,
na ndoo ya choo ni ile ile moja kila orofa.

Saa nane za usiku Yeranna huja na gari lake:
ng'ombe mmoja, pipa la bati, taa isiyo na kioo.
Simwoni. Namsikia.
Kifuniko, ndoo kuburutwa, kikohozi, kisha gurudumu.
Miaka tisa, na mchana nisingemtambua.

Mwaka huu yakaja yale magari mengine.
Yalianza mawili, watoto wakayakimbilia.
Sasa kuanzia pagodani hadi bandarini njia imekabwa koo:
riksho, mikokoteni ya mchele,
tramu inapiga kengele kama mtu anayedai deni,
na madereva wanazunguka, wanazunguka,
kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Bwana Ormerod, mjumbe wa kamati ya afya,
aliyehutubu dakika arobaini juu ya kipindupindu
(kumbukumbu niliandika mimi),
alipata pake: mdomo wa uchochoro wetu.
Hakuna riksho hapo, hakuna wa kumkwaruzia rangi.
Akaenda kula kwa dalali wa mbao.
Mvua ikamzuia. Akalala huko huko.

Saa nane gurudumu lilikuja, likasimama.
Kilichoniamsha ni kimya.
Nikachungulia. Yeranna ameinua taa
mbele ya lile gari jeusi, anajitazama ndani ya rangi yake.
Akajaribu kushoto. Akajaribu kulia.
Hakuligusa, hata kwa kiwiko.
Akamwacha ng'ombe barabarani, akapenya ubavu ubavu,
akaanza kuzitoa ndoo kwa mkono.
Ya sita, ya saba.
Polisi akaja na fimbo: hapa hapasimamishwi gari!
Akamswaga ng'ombe na pipa lake hadi ng'ambo ya tramu.
Yeranna hakubishana. Aliendelea kutoa,
akizipanga ndoo nyuma ya gari la Bwana,
kwa nafasi sawa, kama anayezipangia wageni viti,
na zilipotimia ishirini na sita
mvua ikaja kama iliyoitwa.

Asubuhi hiyo mtaa mzima ulivaa viatu mkononi.

Kosa la kwanza: kuweka vyombo vichafu katika njia ya umma.
Kosa la pili: kusimamisha gari pasiporuhusiwa.
Rupia nane.
La mdomo wa uchochoro hakuna aliyelileta mezani kwangu,
nami karani huandika alicholetewa.

Alikuja kulipa mwenyewe. Mdogo kuliko nilivyodhani,
viganja vimepauka kwa kusuguliwa.
Fedha aliiweka dirishani, si mkononi mwangu,
na hakuna aliyemwambia.

Mwezi wa Agosti manispaa ilichora mistari myeupe,
ikasimamisha kibao penye kona.
Tulikutana hapo alfajiri, yeye akirudi, mimi nikienda.
Akaniomba nimsomee.
"Maegesho ya magari," nikasema
kwa Kihindustani, lugha tuliyoazima sote wawili.
Akamtazama ng'ombe. Akatazama mistari.
"Gari," akasema. "Na hili?"

Neno ni lile lile. Nilijua ni lile lile.
Nikamwambia nimechelewa kazini,
na kweli nilikuwa nimechelewa.